Barua ya wazi: Ipigwe picha misuli kabla ya kisu na kabla ya kuongeza dozi

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mganga Mfawidhi,
Mkuu wa Kitengo cha Radiolojia.

YAH: KUTOTUMIKA KWA VIPIMO VYA PICHA KATIKA UCHUNGUZI WA MAGONJWA YA MISULI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hospitali yenu siitaji kwa jina, kwa kuwa wako wauguzi pale waliomgeuza mdogo wangu kitandani usiku kucha kwa upole ambao sitausahau, na sipendi jina la mahali pao pa kazi lizungumzwe vibaya vijiweni. Ninyi mnajijua. Masjala yenu pia inanijua: nimewaandikia mara tatu, na nakala zote tatu zenye muhuri wa "IMEPOKELEWA" ninazo ndani ya bahasha ya kaki. Barua ya kwanza haikujibiwa. Baada ya ya pili niliitwa, nikakaa benchi tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, nikaambiwa suala langu limepokelewa na litafanyiwa kazi. Baada ya ya tatu niliambiwa faili halionekani. Imepita miezi tisa. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Mdogo wangu ameniruhusu niyaseme yake yote.

Nianze na mbuzi ya nazi.

Mdogo wangu anauza vitumbua Makorora. Kila alfajiri hukaa chini akakuna nazi, na kwa miaka ishirini na zaidi alikaa na kuinuka pale bila kufikiri. Asubuhi moja ya mwezi wa Ramadhani, akiandaa futari ya siku hiyo mapema, aliniita kutoka uani: "Dada, njoo unishike mkono, mbuzi imenikatalia." Nilidhani miguu imekufa ganzi. Nikamwinua. Siku ya tatu alishika ukuta. Wiki ya tatu alikuwa anajipindua kwanza, anapiga magoti, anaweka mikono juu ya mapaja na kujisukuma juu kwa hatua, kama mtu anayepanda mnazi. Kisha mabega yakafuata: kitana kinaishia sikioni, ushungi anafungwa na binti yake. Maumivu hayakuwa makubwa. Alichokuwa anasema ni kimoja tu, kwamba nguvu zimeondoka.

Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimeota mabaka meusi, na kope za macho zimevimba na kuwa na weusi wa zambarau. Aliandikiwa dawa ya fangasi. Vitabu vingi vya tiba vinasema mabaka hayo huwa mekundu, na juu ya ngozi yetu wekundu huo hauonekani kirahisi. Hilo siwalaumu sana. Ninayolalamikia yanafuata.

Kwa wasomaji ambao si waganga, niseme kwa ufupi ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuishambulia misuli. Misuli inawaka ndani kwa ndani, inajaa maji, na isipotibiwa hufa kidogo kidogo na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta. Madaktari wanayaita magonjwa haya kwa ujumla maiositisi, na yako ya aina kadhaa. La mdogo wangu linaitwa dematomaiositisi, kwa sababu linashika ngozi pia. Hupiga zaidi misuli ya karibu na kiwiliwili, yaani nyonga, mapaja na mabega. Linaweza kufika kwenye koo, mtu akashindwa kumeza, na linaweza kufika kwenye mapafu. Ni ugonjwa adimu, nakubali. Ila unatibika, na ukiwahiwa mtu anarudi kazini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwa miezi saba hakuna aliyeitazama misuli yenyewe.

Mdogo wangu alipigwa eksirei ya mgongo mara mbili. Alipimwa damu, vimeng'enya vya AST na ALT vikaonekana viko juu, akaambiwa ini lina matatizo. Alipimwa homa ya ini B na C, majibu yakatoka safi, na bado akaendelea kuitwa mgonjwa wa ini na kukatazwa mafuta. Vimeng'enya hivyo viwili vimo ndani ya misuli pia, misuli ikivunjika vinapanda. Kipimo cha GGT kingesaidia kutenganisha, maana hicho hupanda ini likiumia na hakipandi kwa ugonjwa wa misuli. Kipimo cha CK, ambacho ndicho cha misuli hasa, kiliagizwa mwezi wa sita wa kuugua kwake, na daktari kijana aliyekuwa zamu kwa muda tu. Kilitoka 6,400, mahali ambapo mtu mzima kwa kawaida huwa na chini ya 200 au zaidi kidogo.

Muda wote huo mashine ya ultrasaundi ilikuwa hatua thelathini kutoka kitanda chake. Hakuna aliyepitisha probu, kile kishikio cha mashine kinachotelezeshwa juu ya ngozi, kwenye paja lake hata mara moja.

2. Kisu kiliingia gizani.

Baada ya CK kuonekana alianzishiwa prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi inayotuliza kinga ya mwili, na wiki kadhaa baadaye akapelekwa kukatwa kinyama cha paja la kushoto kwa ajili ya maabara. Kovu analo, refu kama kidole changu cha shahada. Majibu yalirudi: "Misuli ya kawaida." Tukaambiwa basi huenda si ugonjwa wa misuli.

Sasa najua kwamba ugonjwa huu haukai sawasawa ndani ya msuli. Unakaa mabaka mabaka, hapa umewaka, sentimita chache pembeni pazima. Mkataji asiyejua mabaka yako wapi anaweza kukata pazima na kumrudisha mgonjwa nyumbani na karatasi ya uongo. Na steroidi zikitangulia, huzidi kupunguza kinachoweza kuonekana kwenye darubini. Moja ya faida zinazojulikana sana za MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, katika magonjwa haya ni hiyo: inamwonyesha mkataji mahali pa kukata. Tulipofika Dar es Salaam, picha ilionyesha paja la kulia upande wa mbele ndiko kulikowaka, la kushoto pale palipokatwa palikuwa na kidogo sana. Akakatwa mara ya pili, mahali palipowekewa alama kwa kalamu kutokana na picha, na jibu likapatikana. Kovu la kwanza lilikuwa la bure.

3. Rufaa iliandikwa mstari mmoja.

Kabla ya safari hiyo iliyofanikiwa kulikuwa na nyingine ambayo haikufaa kitu. Fomu yenu ya rufaa iliandikwa maneno matano: "Udhaifu wa miguu, afanyiwe MRI." Tukatoka stendi ya Kange saa kumi na mbili asubuhi, Segera, Chalinze, kilomita 350 hivi na mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi za basi bila kubebwa mgongoni. Abiria walitusaidia, Mungu awalipe. Kule walisoma fomu, wakafanya wanachofanya kwa udhaifu wa miguu: wakapiga uti wa mgongo. Uti wa mgongo ulikuwa mzima. Tukarudi Tanga na bahasha isiyojibu chochote, na friji la kuuzia barafu lilikuwa limeshauzwa kulipia.

Mafundi wa mashine siwalaumu, walipiga walichoagizwa. Lakini maneno matano zaidi kwenye fomu yangetosha: "mapaja yote, T1 na STIR," yaani aina mbili za picha za MRI nitakazozieleza hapa chini.

4. Dozi ilipandishwa bila kujua kinachoungua.

Hili ndilo lililonifanya niandike, na ninaomba mlisome taratibu.

Katika safari ya pili daktari wa Dar alianza na ultrasaundi, kabla hata ya MRI. Alimpaka mdogo wangu jeli, akapitisha probu, ile bapa yenye uso ulionyooka, juu ya paja. Kisha akanigeukia: "Mama, naomba na lako, nilinganishe." Nikapandisha dera, nikalala kitanda cha pili. Langu kwenye kioo lilikuwa jeusi lenye vinyuzi vyeupe vyembamba, na chini kabisa mfupa uling'aa kama ukingo wa sahani. La mdogo wangu lilikuwa jeupe jeupe, kama tui lililomwagika juu ya sufuria nyeusi, na mfupa wake ulikuwa unajificha nyuma ya ule weupe. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka tisa, na daktari alinieleza kwamba misuli huwa myeupe kwenye ultrasaundi kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo langu ndilo lilipaswa kuwa jeupe zaidi. Nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona somo lililofundishwa vizuri kama lile. Lilichukua dakika kumi.

MRI ilifuata siku ya pili. Walimvua kila chuma, hata kipini cha puani ambacho hakijatoka tangu aolewe, akalala bila kutikisika karibu dakika arobaini. Picha zilikuwa za aina mbili, za paja lilelile. Katika aina ya kwanza, T1, mafuta ndiyo yanayong'aa: msuli uliokwisha kufa na kugeuka mafuta unaonekana mweupe, na huo haurudi. Katika aina ya pili, STIR, mwangaza wa mafuta umezimwa, na maji ndiyo yanayong'aa: msuli unaowaka sasa hivi unaonekana mweupe. Mdogo wangu, ambaye maisha yake yote amekaa mbele ya jiko la mkaa, alielewa kabla yangu. Alisema, "Kumbe moja inaonyesha jivu, nyingine inaonyesha moto."

Wakati huo moto ulikuwa mwingi na jivu kidogo. Akapewa dawa ipasavyo, prednisoloni pamoja na methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, na katika miezi minne alikuwa anainuka kitini bila kushika kitu. Tukarudishwa kwenu kwa ufuatiliaji.

Kisha nguvu zikapungua tena. CK ilikuwa imeshuka mpaka karibu na kawaida, na bado mapaja yalikuwa dhaifu. Kliniki yenu ikasema ugonjwa umerudi, dozi ya prednisoloni ikapandishwa kutoka miligramu 20 hadi 60 kwa siku. Hakuna picha iliyopigwa. Baada ya wiki sita uso ulikuwa wa duara kama sahani, sukari imepanda, hapati usingizi, na mapaja yamezidi kuwa membamba. Nilipouliza nikajibiwa kwamba dawa inahitaji muda.

Waheshimiwa, udhaifu kwa mgonjwa wa namna hii una sababu zaidi ya moja. Unaweza kuwa moto umewaka upya. Unaweza kuwa jivu, yaani mafuta yaliyoshika nafasi ya msuli, na hapo steroidi haina cha kuzima. Na unaweza kuwa steroidi zenyewe, ambazo zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huyeyusha misuli ya mapaja. Mkono wa daktari ukipima nguvu hauwezi kuzitenganisha hizi tatu. CK peke yake mara nyingi haitoshi, maana inaweza kuwa ya kawaida na ugonjwa ungali hai. Picha ya STIR inasaidia hapa hasa: misuli ikiwa dhaifu na hakuna mng'ao wa maji, daktari anapata sababu ya kusimama na kufikiri kabla ya kuongeza dawa.

Safari ya tatu Dar ilionyesha hivyo. Moto ulikuwa umezimika. Palikuwa na mafuta kiasi upande wa nyuma wa mapaja, na misuli iliyosinyaa isiyong'aa. Dozi ikateremshwa pole pole (nawasihi wanaosoma na wanaotumia dawa hii, msiiache ghafla kwa kusoma barua yangu, ni hatari), na akapewa mazoezi. Mimi na ninyi tulikuwa tunapepea jivu kwa miligramu 60 kila siku, na sukari aliyoipata humo hajaachana nayo mpaka leo.

5. Mapafu hayakupigwa picha hata mara moja hapa.

Alikuwa akikohoa kikohozi kikavu. CT ya kifua, yaani picha ya mionzi inayoonyesha mwili vipande vipande, iliagizwa Dar siku ya kwanza, pamoja na ya tumbo, kwa kuwa dematomaiositisi kwa mtu mzima wakati mwingine huja ikiambatana na saratani na ni lazima itafutwe. Tunashukuru haikuonekana. Sisemi zaidi.

6. Picha zetu hatupewi.

Nilipoomba CD ya picha alizopigwa kwenu niliambiwa mgonjwa hupewa ripoti tu. Ripoti yenyewe ina mistari miwili. Ufuatiliaji wa ugonjwa wa miaka hauwezekani kama picha ya mwaka jana haipo mezani kando ya ya mwaka huu.

Sasa najua mtajibu nini, maana baadhi ya majibu nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema MRI ni ghali na foleni yake ni ndefu. Ni kweli, na siombi kila anayelalamika miguu apigwe MRI. Naanza na ultrasaundi, ambayo mnayo. Na probu bapa mnayo pia, nimeiona kwa macho yangu. Nilimsindikiza mpwa wangu mjamzito kupima, nikaiona inaning'inia ubavuni mwa mashine ikiwa imefungwa mfuko wa nailoni. Inayotumika siku zote ni ile iliyopinda, ya tumbo, yenye mawimbi ya megahezi 2 hadi 5. Hiyo inafika mbali ndani ya mwili lakini haioni vizuri kilicho karibu na ngozi. Probu bapa, yenye megahezi 7 na kuendelea, ndiyo inayosoma nyuzi za msuli. Nikamuuliza kijana aliyekuwepo. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, hiyo ni ya shingo na matiti, na aliyekuwa anaijua amehamishwa."

Hapo ndipo mtasema wataalamu hakuna. Naomba niwaambie kwamba njia ya kusoma misuli kwa ultrasaundi ina umri mkubwa kuliko wengi wa madaktari wenu. Mwaka 1982 John Heckmatt na wenzake wa London, waliokuwa wanachunguza watoto wenye magonjwa ya misuli, walichapisha ngazi nne tu. Ya kwanza, msuli wa kawaida. Ya pili, msuli umekuwa mweupe lakini mfupa chini yake unaonekana wazi. Ya tatu, weupe umezidi na mfupa unafifia. Ya nne, weupe mkali na mfupa hauonekani kabisa. Nilipoelezwa ngazi hizo nililitambua paja la mdogo wangu mwenyewe, mimi niliyezoea kuchora jani la mhogo ubaoni. Sisemi mwalimu mstaafu anaweza kazi ya radiolojia. Nasema mtu aliyesomea kazi hiyo anaweza kuongezewa ujuzi huu, na akihamishwa awe ameshamfundisha mwenzake.

Mtasema ultrasaundi haitoshi. Nakubaliana nanyi kabisa. Inategemea mkono wa anayeishika, haifiki vizuri kwenye misuli ya ndani, na katika siku za mwanzo za ugonjwa inaweza kuonekana karibu na kawaida wakati STIR tayari inang'aa. Hata STIR yenyewe si hakimu: msuli uliojaa maji huonekana pia kwa mtu aliyeumia, aliyefanya kazi ngumu kupita kiasi, mwenye maambukizi, na kwenye magonjwa mengine ya misuli ya kurithi. Picha inasomwa pamoja na damu, ngozi, mkono wa daktari na kinyama cha maabara. Ninachopinga ni kuyafanya hayo mengine yote na kuiacha picha.

Mtasema ugonjwa ni adimu, na bajeti ni ya malaria, wajawazito na ajali za bodaboda. Probu hiyohiyo hutafuta damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Hutazama tezi la shingo na uvimbe wa titi. Na hutafuta jipu la ndani ya msuli, ambalo linajulikana zaidi katika nchi za joto kama yetu na mara nyingi huletwa na bakteria wa stafilokoka: kijana anakuja na homa na paja linalouma, juu ya ngozi hakuna kitu, usaha uko chini ndani ya nyama. Huyo naye akipelekwa nyumbani na dawa ya maumivu anaweza kufa. Kwa hiyo anayejifunza kutazama msuli kwa ajili ya mdogo wangu atakuwa amejifunza kwa ajili ya wengi.

Mmoja wenu, daktari ninayemheshimu, aliniambia kwamba hata vigezo vya kimataifa vya magonjwa haya havidai picha. Nilikwenda kuuliza. Vigezo vya zamani vya madaktari Bohan na Peter, vya mwaka 1975, haviitaji MRI kwa sababu haikuwepo hospitalini wakati huo. Vile vipya vya mwaka 2017, vilivyotolewa na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani, navyo havikuiweka. Ni kweli tupu. Lakini hivyo ni vigezo vya kuwapanga wagonjwa katika makundi kwa ajili ya utafiti, na kutotajwa si kukatazwa. Madaktari wanaotibu magonjwa haya kila siku wanaitumia picha kuchagua mahali pa kukata na kujua kama dawa inafanya kazi.

Na kwa ndugu zangu wa mitaani walioniuliza kama mionzi haitamdhuru: ultrasaundi ni sauti tu isiyosikika kwa sikio, na MRI ni sumaku na mawimbi ya redio. Mionzi iko kwenye eksirei na CT, ambazo nazo hutumika pale faida inapozidi. Mdogo wangu alipigwa mionzi ya mgongo mara mbili bila faida, na kile kisicho na mionzi kikabaki kwenye mfuko wa nailoni.

Kwa heshima, haya ndiyo ninayoyaomba.

Kwanza, probu bapa itolewe mfukoni, na wataalamu wasiopungua wawili wapewe mafunzo ya kusoma misuli ya mapaja na mabega. Wawili, ili mmoja akihamishwa kazi isife.

Pili, uandikwe mwongozo wa karatasi moja ubandikwe kliniki: mtu mzima au mtoto mwenye udhaifu wa mapaja na mabega unaozidi, apimwe CK na apigwe ultrasaundi ya misuli mapema, kabla ya kuhesabiwa mgonjwa wa ini au wa mgongo. Ndani yake iandikwe pia kwamba hakuna kukata kinyama bila picha ya kuongoza, isipokuwa kwa sababu itakayoandikwa kwenye faili, na kwamba kabla ya kupandisha steroidi kwa mgonjwa wa zamani, swali la moto au jivu liulizwe na jibu liandikwe.

Tatu, fomu ya rufaa ya MRI itaje sehemu ya mwili na aina za picha. Hili halina gharama hata ya shilingi. Linaweza kuanza kesho.

Nne, mgonjwa apewe picha zake kwenye CD, na ripoti itaje msuli uliotazamwa, upande, na ngazi, ili mwaka ujao patazamwe palepale.

Tano, mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 30, mkisema lipi linawezekana, lipi haliwezekani na kwa nini. Kama jibu ni hapana, niandikieni hapana. Nitalipeleka ngazi ya juu yenu, kwa utaratibu.

Siombi fidia, wala siombi mtu aadhibiwe. Mdogo wangu sasa anauza vitumbua siku nne kwa wiki. Nazi anakuna binti yake, yeye anakaa kwenye stuli ndefu niliyomtengenezea kwa fundi seremala wa barabara ya kumi na mbili, anageuza vitumbua kwa mkono wa kulia na kupumzisha wa kushoto. Mbuzi tumeitundika ukutani.

Ana kliniki kwenu Jumanne ya pili ya mwezi ujao, na nguvu za mabega zimeanza kumsumbua tena wiki hizi mbili. Naomba siku hiyo, kabla ya mtu yeyote kuandika dozi, apigwe ultrasaundi ya mabega na mapaja kwa probu ile. Nitakuwa benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Akihitajika mtu mzima wa kulinganisha naye, niiteni.

Wenu katika kujenga taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.

Nakala: Jalada la mgonjwa. Naomba safari hii lionekane.